Mwaka wa Kabati la Mzee Kondo

Juzi juzi nimetoka Kahama kumzika mtani wangu, Mzaramo mmoja aliyeitwa Mzee Kondo, na kazi yangu nimeifanya yote. Aliyenipigia simu ni Zuhura, mtoto wa dada yake, ambaye siku hizi ni mama mzima ana wanawe watatu. Akasema, "Mama Minza, mtani wako katutoka, na hapa kila mtu analia tu, hakuna wa kutuchekesha." Nikaenda. Nilivaa koti la marehemu, nikaweka miwani yake puani, nikalala kwenye mlango wa ua mbele ya jeneza, nikawaambia waliolibeba kwamba huyu ni mtumwa wangu, hatoki hapa mpaka nilipwe. Ndivyo tulivyo Wasukuma na Wazaramo, wazee walituachia ruhusa ya kutukanana bila kosa, na mmoja akifa mtani wake ndiye mwenye haki ya kumfanyia mzaha hadi anatoka nyumbani kwake. Nikaigiza alivyokuwa anatembea, tumbo mbele mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba ambalo hajalilima. Nikaigiza anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Hata ndugu zake waliotoka pwani walicheka huku kamasi zinawatoka. Nikapewa pilau na soda, nikapanda gari nikarudi huku Ushetu kwa binti yangu Minza, na tangu siku hiyo sauti ya yule mzee haijanitoka kooni. Nikimkemea mbuzi, anatoka yeye. Mbuzi mwenyewe anageuka kuniangalia.

Basi nimemwambia mjukuu wangu aandike nisemavyo, asinirekebishe. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe. Ya nyumbani kwetu nayaruka, hayana jipya, nilizaliwa, nikaolewa, nikafiwa. Nataka mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa Mzee Kondo. Nilikuwa kijana wa miaka hamsini na kidogo. Msicheke. Kwa mtu aliyefika hapa nilipo, hamsini ni usichana. Meno nilikuwa nayo, na ndoo ya maji naipandisha kichwani bila kumwita mtu.

Mzee Kondo alikuwa karani. Alikuja Kahama na watu wa kujenga barabara, barabara ikaisha, wenzake wakaondoka, yeye akabaki na mashine yake ya kuchapa na kikombe cha bati. Wakati ule wachimbaji wadogo walikuwa wanaingia kutoka kila upande wa nchi, na mchimbaji akishapata duara, yaani shimo lake la dhahabu, la kwanza anagombana na mwenzake, na ugomvi unataka karatasi. Mikataba ya kugawana mawe, maombi ya leseni, barua za kwa mwenyekiti, barua za kwa mke aliyeachwa Singida. Yote yaliandikwa sebuleni kwa Mzee Kondo, maana ofisi nyingine hakuwa nayo. Mimi niliajiriwa kupika, kufua na kufagia. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na ufagio nikatafuta sakafu. Karatasi zilikuwa kwenye kiti, chini ya kiti, dirishani, juu ya redio, ndani ya beseni la kufulia, kitandani kwake upande wa ukutani, yeye analala ukingoni kama mgeni. Niliambiwa humo ndani mna meza. Mimi niliuona uso wake baada ya miezi minane.

Akaniuliza kabila, nikamwambia. Akavua miwani. Hapa nampa sauti yake, ile ya pwani inayotembea taratibu kama imevaa kanzu: "Ahaa. Weye mtumwa wangu basi. Kalete michembe yako tuione, hivyo viazi mlivyovikausha mpaka vikawa mawe." Nikamwambia, "Mvivu we, uliuza shamba la baba yako ukaenda ngomani, sasa unauza karatasi." Akacheka hadi kiti kikalia. Tangu hapo hatukusema neno la adabu ndani ya nyumba ile. Asubuhi wengine wanaamkiana shikamoo, sisi tunaamkiana matusi. Nikimpelekea ugali na mlenda anasema, "Nani kafiwa na ng'ombe, mbona mmenichinjia kamasi?" Akipata nazi kutoka kwenye mabasi, akinipikisha wali wa nazi, namwambia chakula cha wagonjwa hicho, halafu najipakulia mara mbili. Mjane na mjane, yeye Mwislamu mimi Mkristo, ukuta mmoja kati yetu, na majirani hawakuwa na la kusema, kwa sababu watani wanajulikana. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu na ukimya wa marehemu mume wangu. Matusi yale nilikuwa nayala kuliko ugali.

Sasa sikilizeni jinsi ofisi ilivyokuwa inakwenda. Herufi sikuijua hata moja, lakini karatasi nilikuwa naijua kwa mdomo wa aliyeileta. Mimi napika pale kwenye kikorido, pazia liko katikati, nasikia yote. Akija Masanja kutoka machimboni, Msukuma mwenzangu, sauti kubwa kama anamwita ng'ombe wa ng'ambo ya mto, "Nsee wangu, huyu mtu kaniibia mawe viroba vinne, andika, andika viroba vinne," basi nikiingia kufagia naiona karatasi ya Masanja ilipoangukia, naiacha hapo hapo, na kichwani naandika: Masanja, viroba vinne, chini ya redio. Akija yule mama wa Kigoma mwenye mgahawa, anayesema kwa kuvuta kama anaimba kwaya, "Baba weee, nataka hati ya kibandaaa," naiona yake imewekwa kwenye beseni. Zikahamishwa, nimehamisha mimi. Kwa hiyo siku nzima ni kuitwa. "Weye Msukuma, ya Masanja umeila na michembe?" Namjibu nikiwa kwenye mafiga, sigeuki, "Iko chini ya redio, Mzaramo kipofu." "Ya leseni ya wale wawili waliopigana?" "Dirishani, nyuma ya chupa ya mafuta." Wateja walikuwa wanashangaa. Mmoja akamwambia, "Mzee, si ununue kabati?" Mzee Kondo akakohoa kile kikohozi chake, akasema, "Kabati la nini? Kabati ninalo. Linapika ugali."

Nilisikia nyuma ya pazia. Siku ile nilicheka, ugali ukaungua kidogo.

Ikaja masika, nikaugua malaria. Nililala chumbani kwangu siku tatu, blanketi mbili na bado natetemeka. Nasikia kule mbele sauti ya Masanja, "Nsee, kamati ya machimbo inakaa kesho kutwa, karatasi yangu iko wapi?" Nasikia Mzee Kondo anahamisha vitu, beseni linaanguka, redio inaanguka. Anakuja mlangoni kwangu, ananong'ona, kwa mara ya kwanza namsikia ananong'ona, "Msukuma, umekufa?" Mimi nasema maneno ya homa, naita ng'ombe wa baba yangu kwa majina. Anarudi. Masanja akaja mara ya pili, akaja ya tatu na shemeji zake. Siku ya tatu nikaamka nimejifunga kanga kichwani, nikapita katikati yao nashika ukuta, nikazamisha mkono kwenye gunia la mchele, nilikokuwa nimeihamishia kabla ya homa, nikaitoa. Masanja akashukuru, wabeja sana mama, akakimbia nayo. Aliwahi kamati, lakini kwa kupumua tu. Mzee Kondo alikaa chini, akafuta miwani, hakutukana kitu.

Ndipo nilipoingiwa na wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya. Nilijiuliza, je ningekufa? Watu wangapi wangekosa haki yao kwa sababu ofisi imelala kwenye kichwa cha mwanamke mmoja mwenye homa? Nikaanza kutafuta kabati. Dukani yalikuwepo ya chuma, ya kijivu, mwenye duka Mchaga, anaongea haraka kama anahesabiwa pumzi, "Mama yangu hii ni ya maisha, hii utarithisha, iguse, iguse." Nikaligusa, nikaondoka, maana lilikuwa la matajiri. Kabati la mtumba sikulitaka, meza ya droo ilikuwa na mchwa. Halafu nikiwa natoka sokoni nikaona nyuma ya karakana ya seremala yametupwa masanduku ya mbao, marefu, mapana kama mlango mdogo, ndani yamegawanywa vichochoro vyembamba. Nikauliza ni ya kufugia nini. Kumbe watu wa utafiti wanapotoboa ardhi wanatoa mawe marefu ya mviringo kama mihogo, wanayapanga humo kwa mstari ili wajue ardhi ina nini. Kazi ikiisha wanayatupa. Fundi aliyachukua awashie moto.

Fundi huyo, Gervas, alikuwa anaongea na misumari mdomoni, kwa hiyo maneno yake yote yalipitia puani. "Mmh, mama. Nikate hapa? Mmh. Nisimamishe?" Nikamwambia kata katikati, simamisha, panga moja juu ya jingine, vichochoro viwe vyumba. Nilimpa kuku wawili na mchele wa kutosha familia yake wiki, akanipigilia na mgongo wa ubao mwembamba, akapiga randa mahali palipokuwa na miiba. Vyumba arobaini na kitu. Lilinukia udongo wa chini kabisa, ule usiowahi kuona jua. Tulilileta kwenye mkokoteni mimi nikisukuma kwa nyuma, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya tusi nitakalomwambia.

Mzee Kondo alilitazama muda mrefu. Akasema, "Hii nyumba ya njiwa?" Nikasema, "Ya kwako, ukizeeka nitakukunja nikuweke kachumba ka chini." Akacheka, lakini akacheka akiwa anatazama karatasi zake, sio mimi. Nilizipanga kwa siku nne. Kwa kuwa sisomi, kila chumba nilikitia alama yangu, nimepigilia kwa msumari mdogo. Masanja punje ya hindi. Mama wa mgahawa kizibo cha soda. Wale wawili waliopigana, vijiti viwili vya kiberiti vimepishana. Mganga mmoja aliyekuwa anadai shamba, unyoya. Sakafu ikaonekana, ilikuwa ya simenti nyekundu, nzuri. Meza ikaonekana. Mzee akalala katikati ya kitanda chake. Wateja wakawa wanaingia na kukaa kwenye viti kama watu.

Wiki ya kwanza bado aliniita, aniulize unyoya ni nani. Wiki ya pili alikuwa amezijua alama zote. Anasimama, anatoa karatasi, anakaa. Mimi kwenye mafiga nasikia kiti tu, kwii, halafu kwii. Nikawa napika nikiwa nimetega sikio, kama mtu anayengoja mvua. Siku moja niliweka chumvi mara mbili makusudi nitukanwe, akala yote huku anasoma.

Ndipo akaja huyu Zuhura. Alikuwa binti amemaliza kidato cha sita Dar es Salaam, anangoja matokeo, mama yake akamtuma aje amsaidie mjomba. Mtoto mzuri, sina neno naye, anaongea kwa mikono: "Jamani mama, hii umeibuni mwenyewe? Hii sistimu iko poa, sema tu hizi punje panya atakula." Na ni kweli, ya Masanja ilikuwa imeshaliwa. Akakata karatasi ndogo ndogo, akaandika, akabandika kwa uji wa ngano. Aling'oa alama zangu kwa adabu, akaniletea kwenye kopo, "Mama, hizi hapa, usije ukazihitaji." Jioni ile tulikula wote watatu, dagaa na ugali, na Zuhura akamwambia mjomba wake, "Anko, sasa hata mgeni akiingia anapata faili mwenyewe." Mzee Kondo akakohoa. Akanitazama na lile jicho lake la mzaha, akasema, "Basi mtumwa wangu naweza kumuuza. Ofisi imepata akili yake."

Ni utani. Hata mtoto mdogo wa Kisukuma anajua ni utani. Kumuuza mtumwa ndilo tusi la kwanza kabisa, mimi mwenyewe nilikuwa nimemuuza yeye mara mia, nimemuuza kwa mbuzi, nimemuuza kwa jembe bovu. Nilitakiwa niseme, utaniuza kwa nani na nimekula mtaji wako wote. Jibu lilikuwepo, lilikuwa limesimama mdomoni. Lakini nilitazama lile kabati nyuma yake, limesimama na vikaratasi vyake vyeupe ambavyo kila mtu anavisoma isipokuwa mimi, nikaona kwamba safari hii amesema kweli. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Zuhura aliendelea kula, hakujua kilichotokea. Mzee Kondo tonge lilisimama mkononi. Kwetu, kumkasirikia mtani ni aibu kuliko kuiba. Mtu anayekasirika ameuvunja ule uzio wenyewe wa utani, na hakuna mzee wa kwenda kumshitakia, maana kosa lenyewe halina faini. Nilikuwa nimekosa mimi. Nilijua. Nikakusanya sahani.

Kesho yake akaniamkia, "Msukuma, ng'ombe wako kanya mlangoni." Nikasema nitafagia, mzee. Kesho kutwa akasema uji una nywele za mchawi. Nikasema samahani, mzee, nitachuja. Alikuwa anatupa kamba, mimi naiacha inaanguka. Halafu akaanza jambo jingine, na hili ndilo ninalolitafuna mpaka leo. Nikiingia kufagia asubuhi nakuta karatasi moja chini ya redio. Siku ya pili, moja kwenye beseni la kufulia. Siku ya tatu nafungua gunia la mchele, naona mkataba umekunjwa vizuri. Nasikia kule mbele anamwambia mteja kwa sauti ya kupita pazia, "Sijui karatasi yako imeliwa na nani humu ndani." Anangoja. Zuhura anasema, "Anko, mbona iko kwenye herufi M?" Anafungua chumba, hamna. "Ajabu," anasema mzee. "Kuna watu humu wanakula karatasi."

Nilikuwa nimesimama na mwiko. Neno moja lilitosha. Ningesema iko kwenye mchele, Mzaramo kipofu, nyumba ingefunguka. Mimi nilifanya nini? Nilijifuta mikono, nikaichukua ile karatasi kutoka kwenye gunia, nikapita kwenye pazia, nikampa Zuhura mkononi, taratibu, kama mtumishi wa hoteli. "Hii hapa, binti. Nadhani iliponyoka." Nilifanya hivyo siku sita au saba. Kila alipoficha, nilirudisha. Sikumtazama usoni hata mara moja, kwa hiyo siwezi kuwaambia alikuwa na uso gani, na mimi ninayeweza kuwaigiza watu wote, uso huo sina.

Siku moja niliingia kufagia, hakukuwa na karatasi nje. Niliangalia chini ya redio. Niliangalia kwenye beseni, dirishani, nikatia mkono kwenye gunia hadi kwapani. Mchele mtupu. Asubuhi ile Mzee Kondo alipotoka chumbani alisema, "Habari za asubuhi, mama. Umeamkaje?" Nikasema, "Salama, mzee. Na wewe?" Akasema salama. Chai ilikuwa na tangawizi, akasema chai nzuri.

Tuliishi hivyo mpaka mavuno. Ilikuwa nyumba safi kweli. Watu walikuwa wanatusifu. Nilikuwa napika kwa watu watatu na kula peke yangu kwenye kikorido, nasema nina joto. Nyuma ya pazia naendelea kusikia wachimbaji, Masanja na viroba vyake, na mdomo wangu ulikuwa unawafuata wenyewe kwa kunong'ona, ila sikuwa na wa kumwigizia. Minza akatuma ujumbe kwamba amejifungua, na tumbaku inataka mikono, nije. Nikasema sawa. Ningeweza kusema baada ya mwezi nitarudi, hakuna aliyenikataza. Sikusema, na yeye hakuuliza.

Alinisindikiza stendi. Alivaa koti, akanibebea kifurushi changu mwenyewe, akakataa Zuhura asikibebe. Njia nzima tuliongea habari za mvua. Gari la Ushetu likapiga honi. Mimi moyoni nilikuwa nasema, sasa, hapa atasema. Atasema nirudishe mchele wake niliouiba tumboni. Atamwambia konda amfunge huyu juu ya keria na mbuzi. Nilikuwa tayari, jibu ninalo, nimelishika kwa meno. Akanipa mkono. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kwa heshima kabisa, kama unavyomshika mke wa mchungaji, akasema, "Asante sana, mama, kwa kazi yako nzuri. Nenda salama."

Nikasema, "Asante na wewe, mzee. Ubaki salama."

Nikapanda, nikapata siti ya dirishani. Alikuwa bado amesimama pale chini, mikono nyuma, hadi gari lilipotoka. Konda, kijana mchangamfu, akaja kudai nauli, akachungulia nje akaniuliza, "Mama, yule mzee ni nani wako?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nafanya kazi kwake."